Baada ya Moto Kuzimwa: Hatua za Kurudisha Nyumba na Makazi

Gari la zimamoto likishaondoka, majirani hubaki wamesimama na ndoo mikononi, na mwenye nyumba husikia ushauri kutoka kila upande. Mmoja anataka vitu vilivyosalia vitolewe upesi. Mwingine ameshapanda ukutani kung'oa mabati. Kabla ya saa sita mchana mnunuzi wa vyuma chakavu huwa amefika na mizani yake. Wengi wana nia njema, lakini katika saa hizo familia nyingi hupata hasara ya pili, ambayo haikuletwa na moto. Ushahidi wa bima huuzwa kwa kilo, ukuta uliolegea humwangukia kijana anayeokota meza, na paa jipya huwekwa juu ya boriti zisizoweza kulibeba.

Chini ya Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, kuzima moto na kukabiliana na majanga ni jukumu la serikali za kaunti. Kazi hiyo haimaliziki moshi unapotulia. Makala haya yanawaeleza wakazi wa Mombasa, wapangaji na wenye nyumba, nini kifanywe kwanza, nini kisubiri, na ni nani wa kuulizwa.

Kuingia ndani

Hakuna anayefaa kuingia katika nyumba iliyoungua kabla ya afisa wa zimamoto kusema panaingilika. Makuti, magodoro ya sponji na marundo ya nguo huficha makaa kwa saa nyingi, na upepo wa jioni kutoka baharini unatosha kuyaamsha. Moto ukirudi, namba za dharura ni 999 na 112, na hizo hupigwa kabla ya kumtafuta jamaa.

Stima ni hatari ya pili. Kuzima swichi kuu peke yake hakutoshi, kwa sababu waya unaoingia nyumbani kutoka kwenye nguzo bado una umeme hadi Kenya Power waukate. Taarifa hutolewa kwa namba 97771. Katika nyumba za vyumba vya kupangisha kuna jambo ambalo watu huona haya kulisema: mara nyingine chumba kimoja huwa kimevuta waya kutoka nyumba ya jirani. Nyumba iliyoungua ikikatiwa stima, waya huo hubaki hai. Huu si wakati wa kuficha. Anayejua uko wapi amwambie fundi wa Kenya Power au afisa wa zimamoto.

Mtungi wa gesi uliopigwa na moto usitumiwe tena hata ukionekana mzima, kwani valvu na chuma chake huenda vimedhoofika. Uachwe mahali pa wazi na muuzaji wake aitwe auchukue. Wanaoingia wavae viatu vya soli ngumu, nguo za mikono mirefu na barakoa ya vumbi. Kitambaa kilicholowa maji hakichuji masizi laini. Watoto, wazee, wajawazito na wenye pumu wabaki nje hadi usafi umalizike.

Nyumba za zamani zenye paa la asbestosi zina sharti lao. Vigae hivyo hupasuka kwenye joto na kutawanya nyuzi zinazodhuru mapafu zikivutwa kwa pumzi. Visifagiliwe wala kuvunjwa vipande. Kuvitoa ni kazi ya mkandarasi mwenye leseni ya NEMA.

Picha kabla ya fagio

Kabla ya kitu kuhamishwa, kila chumba kipigwe picha kutoka pembe zote nne, kisha kila kifaa kilichoungua kipigwe picha peke yake. Simu ya kawaida inatosha. Baada ya hapo familia ikae chini iandike orodha ya chumba kwa chumba: kitu gani, kilinunuliwa lini, kwa bei gani, na kama risiti au ujumbe wa malipo ya simu bado upo. Kazi hii hukumbusha uchungu na watu huikwepa. Lakini baada ya wiki mbili hakuna anayekumbuka kama kabati lilikuwa na droo tatu au nne, na pasi au feni husahaulika kabisa.

Karatasi mbili hufungua milango mingine yote. Ya kwanza ni abstrakti ya polisi, ambayo hutolewa tukio likishaandikwa katika kitabu cha OB kwenye kituo cha karibu. Ya pili ni ripoti ya zimamoto, ambayo mwathiriwa huiomba kutoka idara ya zimamoto ya kaunti, nayo hueleza moto ulivyokutwa na, panapowezekana, chanzo chake. Inafaa kutoa nakala kadhaa za kila moja.

Mwenye bima aijulishe kampuni siku hiyo hiyo au kesho yake, kwa maandishi, kisha asitupe wala kuuza chochote hadi mkadiriaji hasara afike. Mabati yaliyojikunja na nyaya zilizoyeyuka ndizo ushahidi wenyewe. Kilichohatarisha maisha kinaweza kuondolewa, ila kiwekwe kando uani na kifunikwe.

Wengi hushtuka fidia inapokuja ndogo kuliko walivyotarajia. Mara nyingi sababu ni kanuni ya wastani. Chukulia nyumba ambayo kuijenga upya kungegharimu shilingi milioni 2, lakini imekatiwa bima ya milioni 1 ili malipo ya kila mwaka yapungue. Moto ukileta hasara ya shilingi 400,000, kampuni inaweza kulipa 200,000 tu, kwa kuwa nusu ya nyumba haikuwa na bima. Asiyeridhika na uamuzi wa kampuni anaweza kupeleka malalamiko kwa Mamlaka ya Kudhibiti Bima, IRA. Wapangaji nao wafahamu kwamba bima ya mwenye nyumba hulinda jengo. Kitanda na televisheni ya mpangaji havimo.

Kitambulisho, hati na noti zilizoungua

Kitambulisho cha taifa kitangulie, kwa sababu laini ya simu, benki na msaada wowote vitakidai. Ombi la kingine hufanywa katika ofisi ya usajili au Huduma Centre kwa abstrakti ya polisi. Kikishapatikana, laini ya simu irudishwe upesi. Pesa zilizokuwa kwenye simu hazikuungua pamoja na simu, na taarifa ya malipo ya miezi iliyopita itasaidia kuthibitisha vitu vilivyonunuliwa na kodi iliyolipwa.

Vyeti vya kuzaliwa vimo katika rejista ya serikali na nakala yake huombwa kupitia eCitizen; namba ya cheti cha zamani, au hata picha yake iliyotumwa shuleni, hurahisisha kazi. Cheti cha ndoa hufuatiliwa kwa kadhi au msajili aliyeiandikisha. Kwa vyeti vya mitihani, mwombaji huwasiliana na KNEC. Cheti cha umiliki wa gari hushughulikiwa na NTSA.

Hatimiliki ya ardhi ikiungua, umiliki wenyewe haupotei, kwa kuwa rejista iko katika ofisi ya ardhi. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 inamruhusu msajili kutoa nakala nyingine baada ya kupokea ushahidi wa hasara, kuchapisha tangazo katika Gazeti Rasmi la Serikali, na kusubiri siku 60. Hakuna wakala anayeweza kuzifupisha siku hizo, na anayedai pesa kwa ahadi hiyo ni wa kuogopwa.

Kwa wanaoweka akiba chini ya godoro: noti zilizoungua kwa sehemu zisibanduliwe moja moja. Ziwekwe jinsi zilivyo katika boksi lenye pamba au karatasi laini na kupelekwa Benki Kuu ya Kenya, ambayo ina tawi mjini Mombasa. Benki ndiyo itakayoamua zipi zinaweza kubadilishwa.

Jambo moja lisingoje karatasi yoyote. Mgonjwa wa kisukari, shinikizo la damu, kifua kikuu au anayetumia dawa za kupunguza makali ya HIV aende siku hiyo hiyo kwenye kituo chake cha afya kuchukua dawa nyingine. Rekodi yake iko huko. Dawa zilizopata joto zitupwe, pamoja na vyakula vyote, hata vya mkebe na vile vilivyokuwa ndani ya friji.

Ukuta hugeuka chokaa

Nyumba nyingi za Mombasa zimejengwa kwa mawe ya matumbawe. Wazee wa Pwani wanajua chokaa ya kujengea ilivyopatikana: matumbawe yalipangwa juu ya magogo na kuchomwa hadi yakawa laini, kisha yakamwagiwa maji. Nyumba inapoungua kwa muda mrefu, jambo hilo hilo huupata uso wa ukuta. Jiwe likifikia joto la nyuzi 800 hadi 900 za Selsiasi hugeuka chokaa, na likipata maji ya wazima moto au ya mvua hufura na kumeguka. Kwa hiyo ukuta unaoonekana imara siku ya kwanza unaweza kuanza kupukutika wiki ya pili. Anayepiga lipu mpya juu yake upesi anaficha ugonjwa tu, na lipu hiyo itabanduka.

Mkaguzi au fundi mzoefu huukagua hivi. Hubandua lipu iliyolegea yote, kisha hugonga mawe kwa nyundo ndogo. Jiwe zima hutoa sauti kali. Lililoiva hutoa sauti nzito na huacha unga mweupe. Hukwangua hadi kwenye jiwe gumu na kupima unene uliobaki. Hushusha timazi kuona kama ukuta umeegemea upande. Nyufa nyembamba za lipu si za kutisha, lakini ufa unaopita katika jiwe kutoka juu hadi chini, au unaoanzia kwenye pembe ya linta, unahitaji mhandisi.

Slabu na nguzo za zege hutoa dalili kwa rangi. Zege lililopita nyuzi 300 mara nyingi huwa na rangi ya waridi, na nguvu yake huwa imeanza kushuka. Likiwa jeupe lenye ukijivu na kumeguka kwa kidole, lilipata joto kubwa zaidi. Vyuma vilivyo ndani, vikifika nyuzi 550 hadi 600, hubaki na karibu nusu ya nguvu zake wakati bado vina joto, na hapo ndipo slabu hulala. Slabu iliyopinda isiegemezwe kwa mti na watu kurudi kuishi chini yake. Jengo la ghorofa lililoungua lazima likaguliwe na mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Wahandisi ya Kenya kabla ya mtu yeyote kupanda ngazi.

Boriti huwadanganya watu kuliko kitu kingine chochote. Mti wa mkoko ukiungua hufanya ngozi ya makaa inayolinda kiini, kwa hiyo fundi akikwangua na kukuta mbao nzuri ndani husema bado unafaa. Hesabu inasema vingine. Boriti ya unene wa sentimita 10 iliyoliwa sentimita 2 kila upande imebaki na 6. Uwezo wake wa kubeba mzigo haupungui kidogo. Hushuka hadi karibu moja ya tano ya ule wa mwanzo. Boriti ya namna hiyo itabeba mabati siku ya jua. Siku ambayo fundi atapanda juu kuziba tundu, huenda isimbebe.

Kuhusu mabati yenyewe, yaliyopigwa na moto hupoteza ngozi ya zinki, kwani zinki huyeyuka kwenye nyuzi 420 hivi. Yanaweza kunyooshwa kwa nyundo yakaonekana mazuri, lakini katika hewa yenye chumvi ya mji huu yataota kutu mapema. Yanafaa kuzungushia ua kwa muda. Kwa paa ni gharama ya kulipwa mara mbili.

Masizi, maji na harufu

Kosa la kawaida ni kumwaga maji na sabuni ukutani siku ya kwanza. Masizi yana mafuta, na maji huyasukuma ndani ya lipu yakaacha madoa ya kahawia yanayotokeza hata juu ya rangi mpya. Kwanza yaondolewe yakiwa makavu, kwa brashi laini au sponji kavu, kuanzia darini kushuka sakafuni. Baada ya hapo ukuta huoshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kuondoa mafuta, sehemu ndogo ndogo, na kusuuzwa. Kabla ya rangi hupakwa praima ya kuziba madoa. Vyuma, bawaba na vyombo vya jikoni vifutwe mapema, kwa kuwa masizi yana asidi na huanza kuvila ndani ya siku chache.

Joto la Mombasa huleta ukungu upesi kwenye chochote kilicholowa. Madirisha yafunguliwe, magodoro yatupwe, na nguo zinazookoleka zikung'utwe na kuanikwa kabla ya kufuliwa. Paa likiwa wazi na mvua za Aprili na Mei zikikaribia, turubai lifungwe juu ya ukuta siku hizo hizo. Tangi la plastiki lililokuwa karibu na moto limwagwe na likaguliwe. Mabomba ya plastiki yaliyolainika yabadilishwe hata kama hayavuji.

Nyumba bila ardhi

Katika mitaa mingi ya Mombasa, hasa ya zamani, mtu anaweza kumiliki nyumba aliyoijenga mwenyewe huku ardhi iliyo chini yake ikiwa ya mtu mwingine, ambaye hulipwa kodi ya ardhi kila mwezi. Mpango huo umeendelea kwa vizazi, mara nyingi kwa daftari la risiti tu. Nyumba inaposimama, kila mtu huheshimu mazoea. Nyumba ikiungua, swali huzuka: je, mwenye nyumba ana ruhusa ya kujenga tena, au uwanja umerudi kwa mwenye ardhi?

Familia iliyo katika hali hii isianze kwa kuleta mawe usiku. Ianze kwa kukusanya ushahidi kwamba nyumba ilikuwepo na kodi ililipwa: risiti zilizopona, taarifa za malipo ya simu, bili za maji na stima, picha za harusi au matanga zinazoonyesha nyumba, na barua ya chifu. Iendelee kulipa kodi ya ardhi kwa njia inayoacha kumbukumbu. Halafu iombe idhini ya mwenye ardhi kwa maandishi, ikitaja vipimo vya nyumba ya zamani na aina ya ujenzi unaokusudiwa, kwa sababu wenye ardhi wengi huikubali nyumba ya kawaida lakini hukataa ya ghorofa au ya zege. Maneno ya mdomo mbele ya mashahidi hayatoshi pale mwenye ardhi anapofariki na warithi kuuza.

Mazungumzo yakikwama, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 iliunda Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria kwa ajili ya wasioweza kumlipa wakili, na shirika la Kituo Cha Sheria pia huwasaidia wakazi katika migogoro ya ardhi. Ni heri kwenda mapema kuliko kungoja ilani ya kuondoka.

Wenye ardhi yao wenyewe nao wanahitaji kibali. Kusafisha na kupaka rangi hakuhitaji ramani, lakini kujenga upya kuta, slabu au paa lenye umbo jipya kunahitaji idhini ya kaunti chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019. Mji wa Kale ni eneo la uhifadhi, hivyo ofisi ya uhifadhi ya Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya ihusishwe kabla ya kubadilisha mlango, baraza au sehemu ya mbele ya nyumba.

Michango na watoto

Msaada wa kwanza hutoka kwa jirani, msikitini, kanisani na kwa chama. Chifu na msimamizi wa wadi waarifiwe ili familia iingie kwenye orodha ya waathiriwa. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya hupatikana kwa namba 1199. Michango ya pesa iwe na watunzaji wawili na daftari moja linaloweza kusomwa na yeyote. Moto unaoteketeza vyumba kumi huacha familia kumi, na fujo nyingi huanza pale pesa zinapotumwa kwa simu ya mtu mmoja.

Watoto warudi shuleni mapema, hata bila sare, na mwalimu mkuu aelezwe kilichotokea. Mtoto anayelia usiku, anayejikojolea au anayeogopa harufu ya jiko hafanyi ukaidi. Mara nyingi hutulia akihakikishiwa usalama na kurudi kwenye ratiba yake. Hali ikizidi mwezi, kituo cha afya kinaweza kumwelekeza kwa mshauri.

Kurudisha stima

Nyaya zilizopita kwenye joto hazifai hata pale ambapo ganda lake halikuyeyuka, kwa kuwa plastiki iliyokauka hupasuka baadaye ndani ya ukuta. Nyumba nzima ivutwe nyaya mpya na fundi mwenye leseni ya EPRA, ambaye kazi ikiisha hutoa cheti cha ukamilishaji. Cheti hicho ndicho hupelekwa Kenya Power kuomba umeme urudishwe. Katika nyumba ya wapangaji, huo ndio wakati wa kumtaka mwenye nyumba aweke swichi ya kujikata kwa kila chumba, na soketi za kutosha ili wapangaji wasilazimike kuchomeka friji, pasi na televisheni kwenye waya mmoja wa kurefusha.